Farasi wa Mzee Kipkorir Watakuwa Ndovu

Matulo,
4 Septemba 2004

Mkwe wangu Jotham,

Huku tuko salama, isipokuwa jogoo wangu mmoja aliyepotea wakati wa sherehe za tohara kwa shemeji yangu Wabwile. Sitaki kumsingizia mtu, lakini wageni wa Wabwile walishiba sana.

Barua yako niliichukua kwa mwalimu mkuu Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikairudia nyumbani nimekaa. Kwa hiyo mzee Kipkorir ametundika ubao tena kwenye bustani yake, pale kwenye farasi wa mbao wanaozungushwa na watoto mgongoni! "Farasi watakuwa ndovu wa Mlima Elgon. Krismasi hii." Hebu tukumbushane. Mwaka wa 2002 ubao ulisema Krismasi. Krismasi ikaja, ndovu hawakuja. Ukapakwa rangi, ukasema Pasaka. Tukala Pasaka, farasi wakabaki farasi. Halafu ikawa Agosti, na hiyo Agosti sasa ina mwaka mzima. Huyo mzee anatangaza kama mtu mwenye mafua anavyopiga chafya. Mimi ubao wake siuamini tena. Hata nikiona mkonga, nitauvuta kwanza nijue umeshikiliwa na nini.

Na msimamo wangu unaujua: sitaki wawe ndovu. Nilipanda farasi wale mwaka wa 1964, wakati walikuwa wanaletwa kwenye maonyesho ya Kitale, na baba yangu alikuwa mchunga ng'ombe kwa mzungu. Nilizunguka mara tatu nikashuka nikatapika, na sijawahi kufurahi hivyo tena mpaka nilipoolewa. Ukiwatia masikio ya ndovu, mimi nitamtambuaje niliyempanda?

Nekesa wa Kimilili, shangazi yake Pauline, anataka ninunue simu ya mkononi. Anasema barua ni mambo ya kale. Nimemwambia sauti ya mkwe sikioni ni sawa na kukaa naye kiti kimoja, na mimi siwezi; kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Ile siku mlikuja kujitambulisha, uliponinyooshea mkono mbele ya wageni nami nikakimbilia nyuma ya jikoni, nilidhani wewe na mimi tumemalizana. Sijui ninyi Wasabaot mnafundishwa nini huko mlimani. Lakini uliandika kuomba radhi, na ulipokosa la kuongeza ukajaza ukurasa wa pili na habari za farasi. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, na hatujanyamaza.

Binti yangu Pauline hajambo? Barua yako haikumtaja hata mara moja. Mwambie nimemwekea kunde.

Ni mimi,
Edah Nakhumicha


Matisi, Kitale,
18 Septemba 2004

Kwa Mama,

Pokea salamu zangu kwa heshima na kutoka mbali, kama inavyotakiwa.

Umenichekesha kwa habari ya jogoo. Sasa nikupe habari motomoto. Alhamisi nilitoka kazini mapema, mahindi hayajaanza kuingia ghalani, nikapitia bustanini. Pale kwenye ua tunasimama watu watano au sita kila jioni, na Derrick, fundi wa baiskeli, ndiye mwenyekiti ingawa hakuna aliyemchagua. Niliona seremala wa mzee Kipkorir akitoa mbao mbili nyembamba, pana kama sinia la kupembulia maharagwe, zimekatwa mviringo. Mama, hayo ni masikio! Mbao hizo haziwezi kuwa kitu kingine.

Derrick anapinga. Anasema ni mabawa, na kwamba mzee amebadilisha mawazo, farasi watakuwa ndege za kuruka. Nilimuuliza rangi ya kijivu debe nne iliyokuwa kando ya seremala ni ya nini. Akasema, "Si ndege pia ni za kijivu, bana?" Tulibishana mpaka mlinzi akatufukuza.

Najua unawapenda farasi. Lakini fikiria, mimi sijawahi kuona mtoto wa huku amepanda farasi wa kweli. Ndovu ni wetu. Babu yangu alikuwa anatuonyesha njia wanazopita wakienda pangoni kulamba chumvi, na aliwahi kukaa juu ya mti siku nzima kwa sababu yao. Mzee akiwachonga vizuri, mtoto wa Kitale atapanda kitu anachokijua. Mimi ubao nauamini. Nimeuamini mara tatu na nitauamini ya nne.

Pauline hajambo. Siku hizi haji nami bustanini Jumapili. Anapumzika tu. Kunde ataila.

Mkwe wako mtiifu,
Jotham Chesang


Matisi, Kitale,
19 Septemba 2004

Senge,

Wewe ni senge wangu, dada ya baba, na mambo haya huambiwa wewe kwanza. Ni miezi mitatu sasa. Daktari amesema nisibebe chochote, hata ndoo nusu, na nilale mchana. Jotham anapika, anafua, anachota maji. Juzi aliosha sufuria mpaka ikatoboka.

Nakuomba, mama asijue. Unakumbuka mara ya kwanza tulimwambia mapema, akafuma shali ya njano, tukaipoteza ile mimba. Mwaka jana tukamwambia tena, akafuma ya kijani, na hiyo nayo ikatoka. Zote mbili amezikunja kwenye sanduku lake. Hajawahi kuniuliza kitu, na huko kutouliza ndiko kunaniuma. Tumemtangazia mara mbili kitu ambacho hakikufika. Safari hii atasikia mtoto akishalia.

Kunyamaza hakumpi Jotham shida. Ataanzaje kumwandikia mama mkwe habari za tumbo la mke wake? Afadhali afe. Kwa hiyo anamwandikia ndovu, na leo asubuhi alinisomea barua nzima ya masikio ya mbao. Nilicheka mpaka nikaogopa kucheka.

Niombee.

Pauline


Matulo,
6 Novemba 2004

Mkwe wangu,

Kuhusu zile mbao, nimefikiri sana nikipukuchua mahindi. Si masikio wala si mabawa. Ni migongo ya viti. Mzee Kipkorir amezeeka, anatengeneza mahali pa kukaa yeye mwenyewe aangalie watu wanaosubiri ndovu.

Sasa niache mchezo. Wakhungu, yule wa vitunguu, alikuja huko kwenu soko la Jumamosi. Alirudi na maneno. Nayaandika kama alivyoyasema, kwa sauti, mbele ya akina mama wa kanisa:

"Mama Pauline, ati mkwe wako siku hizi ndio anachota maji? Nimemuona na haya macho, pale kwa mfereji wa Matisi, ndoo mbili, na sukuma wiki kwa kwapa. Alafu jirani anasema anafua mpaka blanketi! Si huyo ako na bibi?"

Wote wakanigeukia. Nikasema labda Pauline alikuwa na homa siku hiyo. Lakini Jotham, nimezitoa barua zako nikazipanga mezani. Ya Julai inasema "mimi na Pauline tuliona". Ya Agosti inasema "tuliona". Ya Septemba inasema "niliona", na kwamba haji nawe tena, anapumzika. Mtu hapumziki miezi miwili. Nilimwandikia yeye mwenyewe mwezi uliopita, akanijibu mistari minne ya hali ya hewa.

Sitazunguka. Binti yangu yuko nyumbani kwako au hayuko? Mmekosana? Najua watu wanawasema kwa sababu nyumba yenu bado haina mtoto. Huku pia wanasema, na nimewanyamazisha wengi. Kama ni hilo limeingia katikati yenu, niambie mimi kabla sijaambiwa na muuza vitunguu.

Edah Nakhumicha


Matisi, Kitale,
14 Novemba 2004

Kwa Mama,

Pauline yuko. Yuko vizuri kabisa. Hatujakosana hata siku moja. Mimi napenda tu kuchota maji.

Bustanini mambo yamepamba moto. Wamezungushia turubai pale pote farasi walipo, na ndani kunasikika msumeno. Derrick alinibeba mabegani nichungulie, tukaanguka wote wawili juu ya baiskeli ya mteja. Niliona kitu kirefu kimelala chini. Kinaweza kuwa mkonga. Derrick anasema ni bomba la maji machafu.

Nalazimika kukuarifu kwamba Pauline hatakuja nyumbani Krismasi. Naomba usiulize sababu.

Mkwe wako mtiifu,
Jotham Chesang


Matulo,
27 Novemba 2004

Jotham,

Hakuna mwanamume anayependa kuchota maji.

Nimezungumza na Wabwile, ndugu ya marehemu mume wangu. Yeye na wazee wawili watakuja kwako Jumamosi tarehe 11 Desemba, kabla ya saa sita. Hawaji kunywa chai. Wakikuta binti yangu amekaa kwenye kiti chake nyumbani kwake na hana kovu, watakupa mkono na kurudi. Wasipomkuta, utawaeleza mkonga na bomba.

Nimeandika haya kwa shida, kwa sababu nilikuwa nimekuzoea.

Edah Nakhumicha


Matisi, Kitale,
1 Desemba 2004

Mama yangu,

Usitume wazee. Jotham ameshinda jana amekaa na barua yako mkononi, hakula, anasema bora waje wampige faini kuliko yeye kuandika neno ambalo mkwe haandiki. Kwa hiyo naandika mimi.

Nina mimba, Mama. Mwezi wa sita unaanza. Daktari alinikataza kubeba kitu na kutembea mbali, ndiyo maana Jotham anachota maji na kufua, na ndiyo maana siendi bustanini wala sitakuja Krismasi. Amekuwa mume mwema mpaka majirani wanamcheka. Wakhungu aliona kweli, ila hakujua alichokiona.

Mimi ndiye niliyemkataza Jotham kukuambia. Nilimkataza hata Senge. Tulikuambia mara mbili, na mara mbili ukawaambia akina mama wa kanisa kwa furaha, halafu ukabaki na kazi ya kuwaeleza tena. Mwaka jana nilipokuja, niliingia chumbani kwako nikakuta unaikunja ile shali ya kijani polepole kama nguo ya mtu aliyelala. Hukuniona. Nilirudi nje nikakaa na ng'ombe. Nilisema sitakufanyia hivyo mara ya tatu.

Sasa unajua. Nasikia vibaya kukuambia na nasikia vizuri. Anacheza sana jioni.

Pauline wako


Matulo,
7 Desemba 2004

Mkwe wangu Jotham,

Wazee hawaji. Nilimwambia Wabwile kwamba nilipandwa na hasira bure, akasema nimemharibia Jumamosi, maana alikuwa ameshapiga koti pasi. Hajui zaidi ya hapo. Wakhungu naye nilimwambia kwamba mkwe wangu ni fundi wa maji.

Nisamehe. Nimekaa na barua ya Pauline siku nzima, nimelia, nimecheka, nimesahau kufungia mbuzi. Mimi nilikuwa hapa nahesabu maneno kwenye barua zako, na wewe uko huko unafua mablanketi. Yule mzungu wa baba alikuwa na mabwawa na pampu na hakuwahi kumchotea mke wake kikombe.

Kuna jambo limenichoma. Niliandika kwamba mzee Kipkorir anatangaza kama mtu anayepiga chafya, na kwamba siamini tena matangazo. Nadhani unamsomea Pauline barua zangu. Je, alisikia hayo? Kama alisikia, mwambie nilikuwa nazungumza juu ya mbao na rangi tu. Ninyi mngenitangazia mara kumi, ningeamini mara kumi. Hilo nilitaka alijue tangu mwaka jana, nikashindwa pa kuanzia.

Sitafuma kitu, sitamwambia mtu, sitauliza. Najua wewe na mimi hatuwezi kuandikiana habari za tumbo, na usijaribu, utanifanya nichome barua. Tuendelee na farasi. Wewe chota maji, uniambie turubai inasemaje.

Na bado ninasema ni migongo ya viti.

Edah Nakhumicha


Matisi, Kitale,
23 Machi 2005

Kwa Mama,

Jana, tarehe 22, saa nne na robo asubuhi, Pauline alijifungua msichana. Uzito kilo tatu kasoro kidogo. Amelia. Nilikuwa nje ya ukuta wa wodi, nikamsikia, na nikamuuliza muuguzi mara mbili kama huyo anayelia ni wa kwetu. Mara ya pili alinifukuza.

Pauline ni mzima, anakula uji, ananituma kama mkubwa wa jeshi. Nimeandika tangazo hili baada ya kitu kuwepo, kama alivyotaka. Unaweza kuwaambia akina mama wa kanisa wote, na Wakhungu, na hata mbuzi.

Senge Nekesa alifika asubuhi hiyohiyo. Amesema kwa kuwa mtoto amezaliwa watu wakipanda, kwenu ni Nakhumicha bila mjadala. Mama yangu atashuka kutoka mlimani kumpa jina la kwetu, lakini mimi tayari namwita Nakhumicha, na kila nikimwita naona haya kidogo, kama nimekuita wewe kwa jina.

Habari za bustani sina. Krismasi ilipita bila ndovu, hilo nilikuandikia, na turubai bado ipo. Derrick anasema kuna jambo Jumatatu ya Pasaka. Sijasogea kwenye ule ua wiki tatu. Ni mara ya kwanza tangu 1998 kwamba sijui kinachoendelea pale, na sijali.

Tafadhali njoo. Najua huwezi kulala kwangu. Chepkemoi, jirani wa upande wa pili wa ua, amekutandikia chumba. Ukitaka kuingia kumwona mtoto, Senge atapiga sufuria na mimi nitatokea mlango wa nyuma niende kwa Derrick. Ukitoka, atapiga tena nirudi. Tumeshafanya mazoezi.

Mkwe wako,
Jotham, baba Nakhumicha


Nyumbani kwa Chepkemoi, Matisi,
28 Machi 2005, Jumatatu ya Pasaka

Mkwe wangu Jotham,

Barua hii anakuletea Chepkemoi kwa mkono. Kutoka kitanda changu mpaka mlango wako ni hatua thelathini, nimehesabu, na nimesikia ukipiga chafya nikiandika hapa. Lakini lililo sawa ni sawa.

Asubuhi sufuria ilipolia nilikuona mgongo ukikimbia, shati limechomoka. Nikaingia. Nilimshika mtoto saa mbili nzima. Nilimwangalia tu, naye akanipigia mwayo usoni. Nekesa aliniuliza kama namwona ana sura ya nani, nikasema ana sura ya mtu aliyefika. Pauline alilala nikiwa hapo, na alikuwa anakoroma. Sijasikia sauti nzuri hivyo muda mrefu. Nilikuja mikono mitupu kama nilivyoahidi, na leo nimenunua nyuzi. Nyeupe.

Nilipotoka ili wewe urudi kwa mwanao, miguu yangu haikwenda kwa Chepkemoi. Ilinipeleka bustanini. Kwa hiyo safari hii nakueleza mimi, na wewe ndiye wa kusoma.

Kulikuwa na watu wengi kama siku ya mnada. Derrick nilimjua papo hapo, maana alikuwa akitoa amri na hakuna aliyemsikiliza. Saa sita mzee Kipkorir akatoka amevaa tai, akasema machache ambayo hayakusikika, akavuta kamba. Turubai ikaanguka. Jotham, ni ndovu! Ndovu mmoja. Farasi tisa wako vilevile, rangi inabanduka, na katikati yao amesimama ndovu mmoja wa kijivu, mkubwa kupita wote, mkonga juu kama anaita gari. Na zile mbao zilikuwa masikio. Ulisema kweli. Nimeandika hapa ili uweke ushahidi.

Watu walinung'unika. "Miaka mitatu, ndovu mmoja?" Mama mmoja akasema, "Ati hii ndio walikuwa wanafichia na tenti?" Mimi nilikuwa nimekuja na nia ya kupanda farasi wangu wa 1964, kama ningemtambua. Nikasimama kwenye foleni na watoto. Zamu yangu ilipofika, kijana wa tiketi akaniuliza, "Kukhu, unapanda gani?" Hilo jina la nyanya alilisema tu kwa sababu ya mvi zangu, hakujua kitu, lakini lilinipata. Nikasikia mdomo wangu unasema ndovu.

Nilipanda ndovu. Ana mgongo mpana, magoti yalikataa kidogo. Alipoanza kuzunguka nilishika yale masikio mawili nikapiga kelele kama msichana, na Derrick akapiga makofi. Hakutikisika hata kidogo. Seremala yule ni fundi kweli. Mwanao akijua kukaa, mpandishe huyo, usimpandishe farasi. Nimebadilisha msimamo, na usinicheke.

Nikiwa natoka, nilimkuta mzee Kipkorir mwenyewe juu ya ngazi, anatundika ubao mpya. Rangi haijakauka. "Ndovu tisa waliobaki: Krismasi hii." Watu wote walicheka. Derrick alicheka mpaka akashika magoti. Mimi sikucheka, Jotham. Nilisimama chini ya ngazi, nikausoma wote, na nikaamini kila neno.

Edah,
kukhu wa Nakhumicha